Kijana aliyeacha mpira na kushika simu

Dada yangu wa Dodoma, umeuliza iwapo mwanao wa miaka 15, aliyeacha mpira wa jioni na sasa hushinda na simu, ameharibika. Sidhani. Katika umri huo michezo ya kukimbizana hupungua na mazungumzo na wenzake huchukua nafasi yake. Sisi tuliokua kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994 tuliacha gololi na rede tulipobalehe, tukahamia kwenye redio na kwaya, na baadaye kibanda umiza, huku wazazi wakilalamika vilevile.

Muulize kwanza, bila ukali, kwa nini aliacha timu, kwa maana wengi hawaachi kwa kuuchoka mpira bali kwa kukosa namba, au kwa sababu kiwanja chao kimejengwa nyumba, jambo ambalo mji wetu umelishuhudia sana tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016. Asipoutaka tena, usimlazimishe. Hata baiskeli inatosha, mradi atimize dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku ambazo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa umri wake.

Simu yenyewe ilale sebuleni usiku, na yako pia.