Papa wa Hirst na lebo ya penseli

Swali lenu la wiki hii linasema: "Ni msanii gani wa sanamu anayekuudhi, na bado humtoi kichwani?" Nadhani mtaletewa malalamiko mengi ya sanamu za viongozi zisizofanana na viongozi wenyewe. Wangu mimi yuko Uingereza, anaitwa Damien Hirst, na sijawahi kuiona kazi yake hata moja kwa macho. Nimeziona kwenye simu, nikiwa nimekaa barazani hapa Ujiji. Hata hivyo nadai haki ya kumsema kuliko wengi waliokata tiketi wakamzunguka papa wake, yule samaki mfu wa ndani ya tanki la kioo, kwa sababu kwa miaka 26 nilikuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari ya hapa Kigoma, na yeye na mimi tumekula mkate kwa dawa moja: fomalini, ile ya kuhifadhia mizoga isioze.

Harufu yake ukishaijua huisahau. Inapanda puani kama pilipili iliyoungua kikaangoni, na machozi yanakutoka kabla hujafungua mfuniko vizuri.

Hirst alizaliwa Bristol mwaka 1965, akakulia Leeds, na tangu kijana alikuwa akienda kuchora maiti katika idara ya anatomia. Mwaka 1988, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha Goldsmiths, aliongoza wenzake wakachukua jengo tupu kwenye bandari za zamani za London, wakalisafisha, wakafanya maonyesho yao wenyewe, waliyoyaita Freeze. Hawakusubiri mwenye jumba la sanaa awaite. Hapo namvulia kofia bila kusita. Hapa kwetu najua vijana wenye mkono wa dhahabu wanaochora majina ya mitumbwi na mabango ya saluni, na kila mmoja anasubiri mfadhili kutoka Dar es Salaam. Wenzao wa London walianza na ufagio na ghala bovu.

Mwaka 1991 tajiri wa matangazo ya biashara, Charles Saatchi, alikubali kulipia kazi yoyote ambayo Hirst angetaka kuifanya. Akaagiza papa. Alivuliwa Queensland, Australia, papa mkubwa wa jamii yenye milia ubavuni, urefu zaidi ya mita nne. Bei ya samaki peke yake ilikuwa pauni 6,000, na kazi nzima 50,000. Akaning'inizwa ndani ya tanki la kioo lenye fomalini, kinywa wazi, kama anayekujia. Jina la kazi hiyo ni refu mno. Kwa Kiswahili changu ni "Kutowezekana kwa Mauti Kimwili katika Akili ya Mtu Aliye Hai". Gazeti moja la Uingereza, The Sun, likaandika kwa kejeli: pauni 50,000 kwa samaki asiye na chipsi.

Sasa ngoja niseme kama fundi. Fomalini haifanyi kazi kama chumvi. Inazifunga protini za nyama zenyewe kwa zenyewe, mwili unakakamaa, na bakteria wanakosa cha kula. Tatizo ni kwamba inapenya taratibu mno. Dagaa ukimtumbukiza leo, kesho yuko tayari. Kuhe wa kilo mbili ukimtumbukiza hivyohivyo, nje atakuwa mgumu kama soli ya kiatu na ndani anaoza kimyakimya. Lazima umchome sindano tumboni na kwenye mnofu mnene wa mgongo, au umpasue tumbo dawa iingie. Unachanganya sehemu moja ya fomalini ya dukani na sehemu tisa za maji. Akishashika, unamsuuza na kumhamishia kwenye spiriti ya asilimia 70, na kitu cha mwisho ni lebo: mahali alipovuliwa, tarehe, jina la aliyemleta. Inaandikwa kwa penseli, maana wino wa peni spiriti inaulamba. Chupa isiyo na lebo, hata samaki awe mzuri namna gani, ni mboga iliyoharibika tu.

Papa wa 1991 hakuchomwa dawa ya kutosha. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu hadi mke wangu akatoka jikoni. Maji yakaingia ukungu, ngozi ikakunjamana, pezi likaoza. Watu wa jumba la Saatchi wakatia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, hii tunayoiita jiki, na kuoza kukaongezeka kasi. Mwaka 1993 wakamchuna, ngozi wakaivika kiunzi cha faibaglasi, lakini uzito wa mnyama ukapotea. Akawa papa wa kanivali. Mwaka 2004 tajiri wa Marekani, Steve Cohen, akamnunua, inasemekana kwa dola milioni 8, kisha akagharamia papa mwingine. Wa pili alitoka Australia vilevile, na safari hii mtaalamu wa samaki wa makumbusho ya historia ya asili ya London alisaidia kumdunga. Mwaka 2006 akaingizwa tankini mahali pa mwenzake. Mwaka wa kazi ukabaki 1991.

Habari hii nilimsimulia mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi, ufukwe wetu wa wavuvi, na kuwaanika kwenye chanja. Kwa kuhifadhi samaki ana elimu kuliko mimi: jua, chumvi, moshi, na jicho la kujua mvua inatoka upande gani wa ziwa.

"Mwalimu," akaniambia (mafundi wa maabara wote ni walimu hapa mtaani), "huyo papa wa sasa ndiye yule?"

"Siye, mama. Yule alioza."

"Na jina lake?"

"Lilelile."

"Na mwaka?"

"Uleule."

Akageuza dagaa wake mkono mmoja. "Kwa hiyo mimi nikifiwa na mume nikaolewa tena, huyu wa pili nimwambie tumeoana tangu mwaka ule wa kwanza?"

Hirst mwenyewe aliulizwa jambo hilohilo kwa maneno ya heshima zaidi, akajibu kwamba yeye anatazama nia ya kazi, na kwa hiyo kazi ni ileile, ingawa mjadala utaendelea kwa muda mrefu. Hapo sikubishana naye sana, na sababu yangu imefungwa gatini hapa Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Goetzen, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapa. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe wasiwaachie adui. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi majini kwa jina jipya. Baadaye ikatolewa injini za mvuke ikawekewa za dizeli. Hakuna mtu wa Kigoma anayesema hii siyo meli ile. Lakini pia hakuna anayekuficha ilizama lini na iliopolewa lini. Mtoto yeyote wa hapa atakuhesabia.

Lawama nyingine anazopigwa naziona nyepesi. Wanasema hashiki kazi kwa mkono wake, ana wafanyakazi wengi, hata picha zake za vidoa vya rangi zimepakwa na wasaidizi. Hilo hajawahi kulificha. Na anayedhani kila kinyago cha Kimakonde kimechongwa na kung'arishwa na mkono mmoja hajawahi kukaa kwenye kibanda cha wachongaji Mwenge, Dar es Salaam. Wanasema pia ni ukatili na uchafu: ng'ombe na ndama wake waliopasuliwa katikati, kila nusu na tanki lake, unapita katikati ukitazama utumbo. Kazi hiyo ilionyeshwa Venice 1993 na ikamsaidia kupata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 1995. Bucha lolote la Mwanga, hapa Kigoma, linakuonyesha hayo kila asubuhi, bure, na inzi juu.

Kuna kisa cha 1994 ninachokipenda. Alionyesha kondoo mchanga ndani ya fomalini London. Mtu mmoja akaingia, akamwaga wino mweusi tankini, akabandika jina jipya: "Kondoo Mweusi". Alishtakiwa na kukutwa na hatia, na ilikuwa haki, lakini alijua pa kumgusa mwenyewe. Aliacha kondoo, akashika maji na jina.

Kisha kuna lile sanamu la shaba lenye urefu wa mita sita, "Hymn", mwili wa mwanamume uliofunguliwa kifua na tumbo viungo vikaonekana. Saatchi alilinunua kwa pauni milioni moja. Lilikuwa nakala iliyokuzwa ya mdoli wa plastiki wa kufundishia watoto viungo vya mwili, ulionunuliwa dukani kwa chini ya pauni 15. Waliobuni mdoli huo wakalalamika, na mwaka 2000 wakamalizana nje ya mahakama, Hirst akatoa fedha kwa mashirika ya hisani ya watoto. Maabara yetu ilikuwa na mdoli wa aina hiyo. Ini lilipotea miaka mingi iliyopita, na kila mtihani wa vitendo nilikuwa naweka kipande cha sponji nilichokipaka rangi nyekundu. Sikujua kwamba nilikuwa msanii.

Fedha nizipite haraka, maana huko kila mtu amekwishafika. Septemba 2008 aliwaruka madalali wake, akapeleka kazi mpya moja kwa moja kwenye mnada wa Sotheby's, zikaingiza pauni milioni 111, siku zilezile benki ya Lehman Brothers ilipoanguka Marekani. Mwaka mmoja kabla alitoa fuvu la platinamu lililofunikwa almasi 8,601, na kubwa ya rangi ya waridi kwenye paji la uso. Mwenyewe husimulia kwamba jina la fuvu, "For the Love of God", lilitoka kwa mama yake, aliyemuuliza kwa jina la Mungu sasa atafanya nini tena. (Almasi ya waridi sisi tuliitoa Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947, nayo ikaenda London kama zawadi ya harusi ya binti mfalme. Hakuna aliyetuita wasanii.) Bei iliyotangazwa ilikuwa pauni milioni 50, ikasemwa limenunuliwa na kundi la wawekezaji. Mwaka 2022 akakiri kwamba halikuuzwa. Lipo stoo London, yeye na wenzake ndio wenye mali.

Nilikuwa bado namsamehe. Kilichoniudhi kilikuja Machi 2024. Gazeti la The Guardian liliandika kwamba sanamu tatu za fomalini zilizoonyeshwa Hong Kong mwaka 2017, yaani njiwa, ndama wawili, na papa aliyekatwa vipande vitatu, zilikuwa zimeandikwa tarehe za miaka ya 1990, kumbe wafanyakazi wake walizitengeneza Gloucestershire mwaka huohuo wa 2017. Kampuni yake ikajibu kwamba katika sanaa ya aina hiyo tarehe ni ya kuzaliwa kwa wazo. Miezi michache baadaye gazeti hilohilo likasema kwamba katika karatasi 10,000 za vidoa alizozitoa kwa tarehe ya 2016, angalau 1,000 zilitengenezwa miaka miwili au mitatu baadaye. Hizo ndizo karatasi ambazo mnunuzi alichagua: ubaki na karatasi, au uchukue nakala ya kompyuta nayo karatasi ichomwe. Zilichomwa 4,851.

Watu wa sanaa watanijibu kwamba sielewi, kwamba wazo ndilo kazi. Naelewa sana. Wazo nalipa heshima yake, nalo liandikiwe mstari wake. Lakini njiwa naye ana siku yake aliyokufa, na ile siku haikuwa katika kichwa cha Hirst. Ilikuwa katika mwili wa njiwa. Mtu aliyejenga jina lake lote juu ya kutuambia kwamba mauti ni kitu halisi, kizito, cha kutazamwa bila kupepesa, ndiye wa mwisho kupaswa kucheza na tarehe ya kufa.

Naandika hivi kwa ukali kwa sababu nimewahi kufanya uleule mchezo.

Tulikuwa na kuhe mkubwa kwenye mtungi, lebo yake "Kibirizi, Agosti 1997". Mwaka 2009 mtungi ulipata ufa, dawa ikavuja wakati wa likizo, samaki akaharibika. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu. Jumamosi alfajiri nilishuka Kibirizi, nikanunua kuhe wa saizi ileile, nikamdunga vizuri, nikamtia kwenye mtungi mpya, na lebo ya zamani nikaitumbukiza humohumo. Wakaguzi wakapita, wakasifu. Nikajiambia kuhe ni kuhe, somo ni lilelile.

Baada ya wiki mbili binti mmoja wa kidato cha tatu alisimama mbele ya rafu na daftari la dada yake aliyemaliza mwaka uliotangulia. Dada mtu alikuwa amemchora yule samaki kwa uangalifu, pamoja na mkia uliochanwa upande wa chini na nyavu za wavuvi. Binti akatazama daftari, akatazama mtungi.

"Mwalimu," akasema, "mkia umepona?"

Sikumjibu siku ile. Nilijifanya natafuta funguo. Shule ilipotoka nilifungua mtungi, nikaitoa lebo kwa koleo, nikaikausha kwenye dirisha, na chini ya mstari wa zamani nikaandika kwa penseli: "Huyu ni wa pili, 2009." Kesho yake binti akaja, akaisoma, hakusema kitu. Akafungua ukurasa mpya wa daftari lake na kuanza kuuchora mkia.

Fundi maabara mstaafu, Ujiji, Kigoma