Barua kwa mwanangu: nani aliiua Lanesville TV?

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha ya kijiji cha Lanesville uliyoipiga ukipita barabara ya 214, huko milima ya Catskill, jimbo la New York. Unauliza: kama wanakijiji walikuwa na kituo chao cha televisheni na walikipenda, nani alikiua? Nimeona umeshaitilia shaka serikali. Kwa mtu aliyekula mkate wake kwenye mitambo ya kurushia matangazo, swali hilo halijibiki kwa ujumbe wa simu. Kwa hiyo vumilia.

Serikali haikukiua. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, maana vijana waliokiendesha hawakuwa na leseni hata ya kusingizia.

Walijiita Videofreex. Kundi lilizaliwa 1969, baada ya David Cort na Parry Teasdale kukutana kwenye tamasha la muziki la Woodstock. Siku hizo Sony ilikuwa imetoa Portapak, kamera ya video ambayo mtu mmoja angeweza kuibeba mwenyewe na kutembea nayo, picha nyeusi na nyeupe, mkanda wa nusu inchi. Kabla ya hapo kamera ya televisheni ilikuwa mali ya studio. Kampuni kubwa ya televisheni, CBS, ikawapa fedha wazunguke na kurekodi vijana wa Marekani. Wakamhoji Abbie Hoffman, mwanaharakati aliyepinga vita vya Vietnam, wakamhoji na Fred Hampton wa Black Panther, chama cha kupigania haki za watu weusi, muda mfupi kabla hajauawa na polisi mjini Chicago. Desemba ya mwaka huohuo wakawaonyesha wakubwa wa CBS walichotengeneza, na wakubwa wakakikataa. Mimi nadhani kukataliwa kule kuliwafaa kuliko ambavyo kukubaliwa kungewafaa.

Mwaka 1971 wakahamia Lanesville, kwenye nyumba kubwa ya zamani iliyoitwa Maple Tree Farm. Watu kama kumi, chungu kimoja. Walikuwa wakipata ruzuku ya Baraza la Sanaa la Jimbo la New York kupitia shirika lao, Media Bus, ili wazunguke jimboni kufundisha watu kutumia video. Kwa hiyo fedha ilikuwa ya kufundisha. Kituo waliendesha pembeni.

Machi 1972 wakawasha mtambo, chaneli 3. Ulipatikana kwa msaada wa Abbie Hoffman huyohuyo, na fundi wao alikuwa Chuck Kennedy. Huku Tanzania Bara tulikuwa hatuna kituo hata kimoja, tukasubiri mpaka 1994.

Sasa sikiliza habari ya mawimbi, maana hapo ndipo penye jibu la nusu ya swali lako. Chaneli 3 ya kule ipo kwenye masafa ya VHF, karibu na megahezi 60. Masafa hayo husafiri mbali. Ukifunga antena juu mahali tambarare, hata mtambo mdogo unaweza kuingilia picha za watu usiowajua. Na vituo vya magendo hukamatwa hivyo: mtu anatazama mpira wake, picha inaingia mistari, analalamika, wakaguzi wanakuja na gari lenye antena. Lakini Lanesville imelala kwenye bonde jembamba, milima huku na huku. Bonde lile lilikuwa sufuria yenye kifuniko. Picha za vituo vikubwa ziliingia kwa shida, na picha ya Videofreex haikupata pa kutokea. Wati zao chache ziliwatosha majirani zikaishia hapo. Hakukuwa na wa kulalamika. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, ile FCC, haikuwafunga.

Ninyi vijana mkisikia kituo cha nguvu ndogo mnadhani ni kituo kilichoshindwa kuwa kikubwa. Hawa walitania kwamba huenda wao ndio wadogo kuliko wote Marekani, na nadhani walijivunia.

Vipindi vilikuwa vya nyumba kwa nyumba. Habari za kijiji, mtazamaji anapiga simu kipindi kikiendelea na sauti yake inaingia hewani, Bart Friedman anavaa kofia na kuwa Buckaroo Bart, mchunga ng'ombe, watoto wa kijijini wakiigiza naye. Nancy Cain alimrekodi mama mmoja wa palepale, akiwa na shughuli zake za nyumbani za kila siku. Halafu wakaendeleza kwa kubuni: mama anafungasha, anaingia kwenye gari, anaondoka zake. Fikiria kijiji kizima kinamtazama mke wa jirani akifanya kwenye televisheni kile ambacho wengi wao walikiwaza kimoyomoyo. Hakuna kituo cha New York mjini ambacho kingethubutu, wala kingejua kwamba jambo hilo lipo.

Walirusha zaidi ya mara 200. Mwaka 1977 ikawa basi.

Kilikufa kwa sababu hakikuwa na mrithi. Bila leseni huwezi kuuza matangazo ya biashara waziwazi, huwezi kukopa benki, huwezi kumkabidhi mtu mwingine kituo kwa maandishi. Uhuru wao wote ulitokana na kutokuwa na karatasi, na kwa kukosa karatasi hiyohiyo hawakuwa na cha kuacha. Wanakijiji walikuwa watazamaji, waigizaji, wapiga simu, lakini mtambo ulikaa kwa Videofreex. Vijana wakakua, kila mtu akashika njia yake, mtambo ukanyamaza.

Parry Teasdale baadaye alifanya kazi na FCC, ileile aliyokuwa akiikwepa, walipokuwa wakiandaa kanuni za televisheni za nguvu ndogo. Kanuni zikatoka 1982, maombi yakamiminika kwa maelfu. Lakini soma vizuri ile leseni: kituo kidogo ni cha daraja la pili, kikigongana na kikubwa kwenye masafa, kidogo ndicho kinachopisha. Vingi vimesukumwa chaneli hadi chaneli hivyo, na 13 Julai 2021 vilivyokuwa bado kwenye analojia, mfumo wa zamani kabla ya dijitali, vikatakiwa kuuzima. Ukitaka wa kumlaumu kwa vifo vya vituo vidogo, hapo utapata wa kumlaumu. Kwa Lanesville, hapana.

Mikanda yao haikupotea, ipo Chicago, kwenye hifadhi ya kanda za video iitwayo Video Data Bank. Ulisema Desemba utakuwa huko kwa rafiki yako. Kaulize kama wana picha za meza ya Chuck Kennedy. Nyuso za hao vijana nimeshaziona, nataka kuona alivyounga nyaya zake.

Mama yako anakusalimu, na anasema usipokee simu ukiwa unaendesha.

Baba yako