Bibi yako hahitaji homoni za ujana

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako pamoja na nakala ya majibu ya maabara ya bibi yako. Umeuliza kwa nini kipimo chake cha TSH kimewekewa alama ya kuzidi kiwango, na kama tumwanzishie vidonge vya homoni iitwayo DHEA ambavyo rafiki yako anasema humrudishia mzee nguvu za ujana. Jibu langu ni kwamba tusimpe, nami nitakueleza sababu zangu.

TSH ni homoni itokayo kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuichochea tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, itoe homoni zinazoongoza kasi ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu na joto. Kiwango cha TSH huelekea kupanda kidogo kadiri umri unavyosonga, hata kwa mtu asiye na ugonjwa, ilhali viwango vinavyochapishwa pembeni mwa majibu mara nyingi ni vilevile kwa kijana wa miaka 30 na kwa bibi yako mwenye miaka 91. Tazama tena mstari wa chini yake kwenye karatasi hiyo: homoni ya thairoidi yenyewe iko sawa. Ingekuwa imeshuka, au TSH ingepita 10, ningekuandikia mengine.

Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwafuatilia watu waliotimiza miaka 85, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba waliokuwa na TSH ya juu hawakufa mapema kuliko wenzao, bali walielekea kuishi zaidi. Kisha mwaka 2017 yakatoka matokeo ya jaribio la watu 737 wa miaka 65 na zaidi, wenye hali kama hii ya bibi yako, ambapo waliopewa levothairoksini, dawa ya kuongeza homoni ya thairoidi, hawakupata nafuu ya uchovu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa hiyo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, na mama wa umri ule akivunjika nyonga, kuinuka tena ni kazi kubwa mno.

Kuhusu DHEA, ni kweli kwamba homoni hiyo hupungua sana uzeeni, na hapo ndipo wauzaji wanapopata maneno ya kuwavutia watu. Lakini kitu kupungua si hoja ya kukirudisha. Wazee walipewa DHEA kwa miaka miwili katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, na haikuwaongezea nguvu za mwili wala haikuboresha maisha yao. Sioni kwa nini tumjaribie mama.

Ninaloliogopa mimi ni misuli yake. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba umetaboli haubadiliki sana kati ya miaka 20 na 60, kisha huanza kushuka polepole, hata mtu akifika miaka ya tisini anatumia nguvu pungufu kwa takriban robo, hata baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili. Basi hamu ya chakula nayo hupungua: bibi yako hula matonge machache, akasukuma sahani na kusema ameshiba. Hata hivyo mahitaji yake ya protini hayakupungua. Wataalamu hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa mzee ambaye figo zake ni nzima, na kwa kilo zake 48 hiyo ni kama gramu 48 hadi 58 kwa siku. Ndiyo maana siku hizi namwanzishia chakula chenye protini kabla hajashiba vingine.

Ukimtazama anavyoinuka kitini utanielewa. Hushika mikono ya kiti kwa nguvu, akainama mbele, akajisukuma mara ya kwanza akarudi chini, ndipo mara ya pili akasimama huku magoti yakitetemeka. Mwaka 1990 kikundi kidogo cha wazee wa umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, kilifanya mazoezi ya uzito kwa wiki nane, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka kwa wastani zaidi ya maradufu. Misuli ya mzee bado inaitika ikifanyishwa kazi, na hakuna kidonge ninachokijua kinachofanya hivyo.

Tena, usimbane daktari ashushe sukari ya bibi yako kama ya kijana. Kwa mzee dhaifu shabaha hulegezwa makusudi, kwa kuwa sukari ikishuka mno humfanya achanganyikiwe au aanguke.

Ukija, niletee mizani nzuri, maana hii ya hapa siiamini tena. Akipungua kilo mbili na nusu ndani ya miezi sita bila kukusudia, tutampeleka kwa daktari mara moja, na hiyo TSH tutaomba ipimwe upya wakati huohuo.

Mama yako