Kutoka Dawati la Wateja Kwenda Kitengo cha Data

Wadogo zangu mliopangiwa huduma kwa wateja huku mioyo yenu iko kwa watu wa data, nawaandikia ninyi. Njia hiyo nimeipita mwenyewe, na siku hizi nashiriki kuwasaili wanaotaka kuhama. Wengi huanza na vyeti: analipia kozi mtandaoni, anaambatisha cheti kwenye barua, anasubiri. Cheti si kitu kibaya, ila mwombaji wa nje naye anacho, tena pengine cha maana zaidi. Asichokuwa nacho ni kile mnachokishika kutwa bila kukipa thamani: mnajua taarifa zinavyoingia kwenye mfumo.

Mteja anapiga simu, pesa aliyotuma saa tatu haijafika. Mhudumu makini humuuliza, ya asubuhi au ya usiku? Mwenye haraka anaandika 3:00, anapokea simu nyingine. Kwenye mfumo muamala huo uko 09:00 au 21:00. Mchambuzi asiyewahi kukaa kwenye dawati ataona malalamiko chungu nzima ya saa tisa usiku, wakati watu wamelala, na ataanza kusaka hitilafu kwenye mitambo. Wewe ungejua mara moja kilichotokea.

Namba za simu nazo ni hivyo hivyo. Mteja anataja 07, mfumo unahifadhi 2557, na faili likifunguliwa kwenye Excel ile sifuri ya mwanzo mara nyingi hupotea. Unganisha majedwali mawili ya namba za namna hiyo uone: hayakutani. Wala skrini haitakuonya chochote, ripoti inatoka tu ikiwa na watu pungufu. Ujuzi wa mambo haya haununuliwi sokoni, na kitengo cha data kinauhitaji sana.

Kwa hiyo jifunze SQL, lugha ya kuulizia data, kupitia ripoti ya dawati lako mwenyewe, ile mnayoijumlisha kwa mkono kila wiki. Lugha hii ilibuniwa IBM miaka ya 1970 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, na mpaka leo ndiyo inayotumika kuulizia data kwenye benki na kampuni za simu. PostgreSQL na SQLite, programu za hifadhidata za kufanyia mazoezi, ni za bure. Amri za SELECT (kuchagua), WHERE (kuchuja) na GROUP BY (kupanga kwa makundi) utazizoea haraka. Tumia muda wako mwingi kwenye JOIN, amri ya kuunganisha majedwali, maana hapo ndipo watu wanapokwama kwenye usaili. Ukiunganisha jedwali la malalamiko na jedwali la simu, lalamiko moja lililopigiwa simu tatu linageuka mistari mitatu. Ukihesabu mistari, umelihesabu mara tatu, na bosi atapeleka idadi hiyo kwenye kikao. Anayetumia COUNT DISTINCT, yaani kuhesabu kila namba mara moja tu, kwenye namba ya lalamiko, kisha akaeleza kwa nini, namwamini kuliko aliyekariri amri hamsini.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Usichukue data ya wateja ukaenda kufanyia mazoezi nyumbani, hata mstari mmoja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zaidi ya sheria, yule mteja alikupa namba yake umsaidie. Tengeneza data ya kubuni, mistari mia chache inatosha, uitie makosa yale yale unayoyaona kazini: sifuri zilizopotea, saa zilizogeuzwa, jina moja lililoandikwa kwa namna tatu. Isafishe. Hiyo ndiyo kazi ya kuonyesha siku ya usaili.

Halafu bosi wako. Mwambie wewe, kabla barua haijafika utumishi, kwa sababu habari za ofisini hazikawii kusambaa. Mara nyingi si kwamba hataki uhame. Anawaza nani atakaa kwenye kiti chako mwisho wa mwezi foleni ikiwa ndefu. Nenda na jibu: fulani nimeshamfundisha kazi zangu, na utaratibu nimeuandika. Kisha omba kitu kidogo tu, mathalani uandae ile ripoti ya wiki pamoja na mtu wa data. Akikubali, kitengo kitaanza kukujua kwa kazi.

Wakikukubali, usihame kwa maneno ya kwenye korido. Barua ionyeshe cheo, mshahara, muda wa matazamio, na utarudi wapi mambo yasipokwenda sawa. Ukiambiwa uanze kwa kukaimu, uliza ni mpaka lini na posho ya kukaimu ni kiasi gani, nayo yaandikwe. Wapo watu wazuri waliokaimu muda mrefu kwa mshahara wa dawati, wakibeba kazi mbili, kwa sababu tu waliona aibu kuuliza siku ya kwanza.