Mageuko ya viumbe: hesabu kwanza, sababu baadaye

Nimefundisha biolojia kwa muda mrefu, na kama ningepewa nafasi ya kumpa mwanafunzi wa mageuko ya viumbe ushauri mmoja tu, ningemwambia: kabla hujauliza kwa nini, hesabu. Chukua kundi la viumbe wa spishi moja wanaozaliana, chagua jeni moja, kisha tafuta kila aleli, yaani kila sura ya jeni hiyo, ina sehemu gani katika kundi zima. Sehemu hiyo ikibadilika kutoka kizazi hadi kizazi, mageuko yametokea. Isipobadilika, kwa jeni hiyo hayajatokea, hata kama kila mmoja kundini amenenepa au ameota misuli.

Wengi hukwama hapa kwa sababu macho yao yako kwa kiumbe mmoja. Wanamfikiria bakteria anayejigeuza ili aikwepe dawa. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walionyesha kwamba sivyo. Walibonyeza kitambaa cha mahameli juu ya sahani yenye makoloni ya bakteria, wakahamisha nakala ya mpangilio uleule kwenye sahani nyingine zenye streptomisini, na kwa njia hiyo wakaweza kuwapata bakteria sugu kwenye sahani ya mwanzo, ambayo haikuwa na dawa hata kidogo. Usugu ulikuwepo tangu kabla. Dawa iliwaua wasio nao, na waliobaki wakazaliana. Hakuna bakteria aliyejifunza chochote. Kilichobadilika ni uwiano ndani ya kundi.

Kosa la pili ninalokutana nalo kila mara ni kudhani kwamba aleli inayotawala, yaani ile ambayo nakala moja tu yatosha kuonyesha tabia yake, lazima ienee. Hoja hiyo ilijibiwa mwaka 1908 na mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy, na mwaka huohuo, bila ya wawili hao kushirikiana, daktari Mjerumani Wilhelm Weinberg akafikia jibu lilelile. Kama kundi ni kubwa, wenzi wanapatikana bila kuchaguana kwa jeni hiyo, hakuna mutesheni (badiliko jipya katika jeni), hakuna wanaohamia au kuhama, wala hakuna uteuzi (aleli moja kuwasaidia wenye nayo kuishi au kuzaa zaidi), uwiano wa aleli haubadiliki. Ukiziita sehemu za aleli mbili p na q, watoto watagawanyika p² (wenye aleli ya kwanza mara mbili), 2pq (wenye moja ya kila aina) na q² (wenye ya pili mara mbili).

Usiikariri tu kanuni hii. Chukua kalamu. Tuseme kuna ugonjwa wa kurithi unaompata mtu 1 kati ya 10,000, na ili augue lazima apate aleli yake kutoka kwa wazazi wote wawili. Basi q² ni 0.0001 na q ni 0.01. Watu 10,000 wana nakala 20,000 za jeni hiyo, na 200 kati yake ni za ugonjwa. Mgonjwa amebeba 2. Nakala 198 zilizobaki zimo kwa watu 198 wenye afya njema ambao hata hawajui kama wanazo. Ndiyo maana nakasirika sana nikisikia mtu akidai kwamba binadamu "wangesafishwa" kwa kuwazuia wagonjwa wasizae. Ni ukatili, na hata kihesabu hauna msingi: asilimia 99 ya aleli unayoiwinda haimo kwa mgonjwa.

Ukishaiweza hesabu hiyo, jifunze kuiheshimu bahati. Wanafunzi wangu huupa uteuzi asilia sifa zote, kana kwamba kila tabia ya kiumbe lazima iwe na faida. Fanya zoezi hili. Weka mfukoni shanga 20, nyekundu 10 na nyeupe 10. Toa moja bila kuangalia, andika rangi, irudishe. Rudia mpaka uwe na rangi 20 kwenye karatasi. Hicho ndicho kizazi kipya, kwa hiyo panga shanga upya mfukoni zilingane nacho, kisha uanze tena. Ukiendelea, ipo siku rangi moja itatoweka kabisa, na haikuwa na upungufu wowote. Rudia kwa shanga 200 na utaona mwendo unavyopungua. Katika makundi madogo bahati ina nguvu kubwa, na mtu anayehifadhi wanyama waliobaki wachache anapaswa kuiogopa kama anavyomwogopa jangili.

Uteuzi nao upo, tena unapimika. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walipima midomo ya ndege wa kisiwa cha Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos. Ukame wa 1977 ulipobakiza mbegu kubwa ngumu, wenye midomo minene ndio waliosalimika kwa wingi. Baada ya mvua nyingi za 1983 mbegu ndogo zilijaa, na uteuzi ukageuka upande wa midomo midogo. Kwa hiyo ukisikia aleli fulani ni "bora", uliza: bora wapi, na lini?

Selimundu ndiyo mfano ninaourudia zaidi. Aleli yake huitwa S. Mwenye aleli mbili za S huugua; mwenye moja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na hivyo S hudumu mahali penye malaria. Sasa ondoa malaria. Anza na S kwenye asilimia 10, na tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba hakuna mgonjwa anayezaa. Aleli hiyo itachukua vizazi 10 kushuka hadi asilimia 5, na vizazi vingine 20 kufika asilimia 2.5, kwa kuwa kadiri inavyopungua ndivyo inavyozidi kujificha kwa wasiougua.