Saa haionekani, na waya ziko sawa

SWALI: Fundi, nimeunga chipu ya saa ya DS3231 kwenye Raspberry Pi yangu, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, hapa Umoja. Flashi nikiichomeka inaonekana papo hapo, lakini saa, wapi! Imekufa?

JIBU: Usiitupe, ndugu yangu. Flashi ina mdomo: ikichomekwa kwenye USB huulizwa ni nani, nayo hutaja namba ya mtengenezaji na ya bidhaa. Chipu yako ya saa huongea kwa I2C, njia ya waya mbili ya kuunganisha chipu, nayo ni bubu; ina anwani tu, 0x68. Lazima kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, iambiwe mapema. Kwenye Pi, programu ya kuwashia huikabidhi mti wa vifaa: kipi kipo, kwenye waya zipi, anwani gani. Laptopu nyingi kwa kazi hiyo hutumia majedwali ya ACPI, yaliyoanza 1996.

Fungua config.txt, faili ya mipangilio ya Pi, ongeza mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, uwashe upya. Mimi niliwahi kubadilisha waya jioni nzima kibandani kwangu Luthuli, hadi mlinzi akaja kufunga geti, kumbe mstari huo tu ndio uliokosekana!

Kisha andika sudo dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa kerneli, utafute rtc-ds1307, jina la dereva, yaani programu inayoiendesha chipu. Usishtushwe na hiyo 1307. Dereva ni mmoja kwa chipu hizo za ukoo mmoja.