Unga wa mwarobaini na cheti cha DNA

SWALI: Nauza dawa za asili Morogoro, hasa unga wa majani ya mwarobaini. Nanunua kwa watu watatu, na mteja mmoja amelalamika kuwa mzigo wa mwisho ulimtapisha na kumlegeza mwili. Nasikia kuna miti inayofanana na mwarobaini. Kuna mtu amejitolea kunipimia unga kwa DNA na kunipa cheti, ili niandike kwenye kopo "Imethibitishwa kwa DNA, ni salama". Je, unga unapimika? Na mchemsho ninaouza kwenye chupa?

JIBU: Ndugu, mzigo huo utoe dukani leo, na mteja wako aende hospitali na kopo lenyewe mkononi. Cheti tutakizungumza baadaye.

Unga wa majani makavu unapimika. Maabara husoma vipande vifupi vya DNA, yaani vinasaba vya mmea, na kuvilinganisha na vya mimea inayojulikana. Tangu 2009 wanabotania wanaanza na viwili vya kwenye kloroplasti (chembe zinazolipa jani rangi ya kijani), viitwavyo rbcL na matK. Kwa mimea ya dawa wengi huongeza kipande kiitwacho ITS2, ambacho ni kifupi na hivyo husomeka hata majani yakishapigwa jua na kusagwa. Mti ninaoushuku mimi ni mmelia (Melia azedarach), na kwa vipimo hivi unatofautishwa na mwarobaini (Azadirachta indica) bila taabu. Ila usichanganye unga wa watu watatu ukaupeleka kama sampuli moja. Kwa njia ya kawaida, inayosoma DNA herufi kwa herufi, herufi za mmea mmoja huangukia juu ya za mwingine, na grafu inayotoka haisomeki. Pima wa kila muuzaji kivyake.

Mchemsho wa chupa, sahau. DNA iliyochemshwa ikachujwa hukatika vipande vidogo mno, au isibaki kabisa, na maabara isipouona mwarobaini humo haina maana kwamba haukuwekwa. Hili liliwahi kuzua mzozo Marekani mwaka 2015. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York iliyashutumu maduka makubwa manne kwa kuuza virutubisho ambavyo vipimo vya DNA havikuona ndani yake mimea iliyotajwa. Wataalamu wengi wakapinga, kwa kuwa dondoo ya mmea ikishasafishwa kiwandani huenda isibaki na DNA ya kupima.

Sasa hilo neno "salama". Ndilo linalonikera, na halipiti wiki sijaliona kwenye kopo au bango la mtu. Kipimo cha vinasaba kinataja jina la mmea, basi. Hakijui kama uliochumwa ni jani, gome au mbegu, maana DNA ni ile ile mti mzima. Chukua mnyonyo: mafuta yake yaliyosafishwa hutumika kama haluli, ilhali mbegu yenyewe ina risini, sumu inayoua. Peleka mbegu iliyosagwa maabara ya vinasaba, utarudishiwa cheti safi chenye jina sahihi la mnyonyo.

Mwarobaini wenyewe ni ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mwarobaini na wazazi waliotaka kuwatibu. Walitapika, wakapata degedege, na wengine wakafa. Hapakuwa na mti uliokosewa. Ulikuwa mwarobaini halisi, na cheti cha DNA kingeupitisha.

Wala DNA haioni alichotia binadamu. Unga wa "nguvu za kiume" uliokorogewa sildenafili (dawa ya hospitali ya kusimamisha uume), au dawa ya maungio iliyotiwa deksamethasoni (dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe) ili mgonjwa apate nafuu usiku huo huo, vyote vinapita, kwa sababu kemikali ya kiwandani haina vinasaba. Madini ya risasi, zebaki na ukungu wa ghalani vina vipimo vyake vingine. Anayekuuzia cheti kimoja cha kufunika haya yote anakudanganya, na wewe unakwenda kumdanganya mgonjwa kwa nia njema.

Sisemi jina la mmea ni jambo dogo. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki ya kupunguza unene mjini Brussels iliwapa wanawake vidonge vilivyotakiwa kuwa na mmea wa Kichina, Stephania tetrandra. Mahali pake pakaingia Aristolochia fangchi, ambayo jina lake la sokoni linakaribiana na la ule wa kwanza. Zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kosa la namna hiyo ndilo vinasaba vinaloweza kulikamata, mradi kipimo kifanyike kabla ya kutengeneza vidonge.

Huyo mpimaji wako muulize analinganisha na nini. Akikujibu kwamba anaingiza herufi kwenye hifadhidata ya mtandaoni na kuchukua jina la kwanza linalotokea, achana naye. Humo mna rekodi zilizowekwa kwa majina yaliyokosewa, na katika utafiti wa 2009 uliopendekeza vipande vile viwili, rbcL na matK kwa pamoja zilitenganisha asilimia 72 tu ya spishi. Zilizobaki ziliishia kwenye kundi la ndugu zao. Jina la uhakika linatoka kwenye sampuli iliyolinganishwa na tawi lililohifadhiwa herbaria (ghala la mimea iliyokaushwa) na kutambuliwa na mwanabotania.

Na kwako wewe njia nyepesi ipo: acha kununua unga. Nunua matawi, usage mwenyewe. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili. La mmelia kikonyo chake kikuu hutoa vikonyo vingine, na hivyo ndivyo vyenye vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau hafifu. Tunda la mwarobaini limerefuka kama zeituni. La mmelia ni duara, lina sumu, na huendelea kuning'inia mtini hata majani yakipukutika. Yote haya yanapotea kwenye kinu.

Kwa kila muuzaji, kandamiza tawi lenye maua au matunda ndani ya magazeti, na vijani vichache vikaushe kwenye kopo pamoja na zile punje za silika zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Tawi lipeleke herbaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ya taifa iliyoko Arusha. Wakisita kulitambua, hapo ndipo vijani viende kwenye vinasaba. Kuhusu kemikali na sumu, waone Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili na Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kwenye kopo andika jina la kisayansi, sehemu ya mti iliyotumika, mahali na tarehe ya kuchuma, na namba ya mzigo, ili mteja mwingine akilalamika ujue ni wa muuzaji yupi. "Salama" ifute. Mahali pake andika kwamba mjamzito na mtoto mchanga wasipewe.